Hodi Katika Chumba cha Kumbukumbu

Je, mtu akiokoa kilicho chake kwa namna inayomfanya mwenzake aonekane mkosaji, ilhali yeye mwenyewe hajui, tumpongeze au tumlaumu? Nimelibeba swali hili tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na bado sina jibu linalonitosheleza. Lilinirudia mwezi uliopita huko Kibiti, tulipokusanyika katika ukumbi mdogo kumuaga Bi Mwanahamisi, muuguzi aliyestaafu baada ya kuhudumia watoto wa visiwa vya delta, pale mto unapoingia baharini, kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi waliokuwamo ukumbini. Nilikaa sinia moja na Zuhura, aliyekuwa karani wake enzi zile na sasa ni mama mtu mzima mwenye miwani. Msemaji mmoja alisimama akasema, kwa utani, kwamba Bi Mwanahamisi ndiye mtaalamu wa kwanza wa kompyuta kutoka visiwani. Watu wakacheka. Zuhura aliacha tonge la pilau mkononi, akaniinamia: “Wanacheka nini hawa? Kwani uongo?” Sikucheka, naye hakucheka, na nilipomtazama Bi Mwanahamisi kule mbele, amekaa wima katika kanga mpya, niliona kwamba yeye pia hakuona mzaha wowote. Nilijisikia fahari ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote katika ukumbi ule isipokuwa huyu niliyekula naye.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya kompyuta, na mradi mmoja wa kumbukumbu za chanjo ukaniajiri kuwa fundi wa vituo viwili vya afya. Kimoja kilikuwa visiwani, upande wa Mbwera, na huko ndiko nilikopangiwa kuishi. Kingine kilikuwa bara, upande wa Dimani. Vituo hivyo vilipewa vifaa pacha: kompyuta mbili za mezani na seva moja, yaani kile kisanduku kinachopokea kazi ya kompyuta zote mbili na kuihifadhi. Chumba chetu cha kumbukumbu kilikuwa na dirisha moja lililotazama mikoko. Maji yakipwa, harufu ya tope iliingia na kukaa nasi kama mtu wa nyumbani. Meza mbili ziliwekwa mgongo kwa mgongo, hivyo Bi Mwanahamisi na Zuhura walikaa wakitazamana, kila mmoja akiona paji la uso la mwenzake tu juu ya skrini. Seva ilikaa juu ya kabati la chuma, imefunikwa kipande cha kanga dhidi ya vumbi, na feni ndogo iliipepea mchana kutwa kwa umeme wa jua. Chumba kilichofuata kilikuwa stoo ya dawa, na humo, baina ya maboksi ya vyandarua, ndimo nilimowekewa meza yangu. Ukuta uliotutenganisha haukufika darini. Nilisikia kila kitu: bei ya kamba, habari za harusi, kikohozi cha Bi Mwanahamisi, na kicheko cha Zuhura kilichoanza kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha.

Adhuhuri tulikula pamoja katika ukumbi mwembamba uliokuwa mbele ya stoo. Wali ulikuwa wa mpunga wa hukohuko, mara nyingi na kamba wa nazi, mara nyingine na kisamvu peke yake. Bi Mwanahamisi hakuniruhusu kuuliza jambo la kazi wakati wa kula. “Mwanangu, kompyuta haili. Wewe kula.” Nilipofika mara ya kwanza nilimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyetumwa, “Hali ya mashine vipi?” Akajibu, “Njema.” Nikamuuliza kama kuna shida yoyote. “Hakuna shida, salama tu.” Nikaandika katika ripoti yangu kwamba kituo hakina hitilafu. Mimi ni mtu wa Kiswahili. Ninajua kwamba mtu akiulizwa hali hujibu “njema” hata kama nyumbani kwake kuna mgonjwa kitandani, na kwamba habari yenyewe huja baadaye, baada ya kukaa na kupumua. Ninajua, lakini siku ile nilikuwa na fomu mkononi, na fomu ilikuwa na kisanduku cha “ndiyo” na kisanduku cha “hapana.” Kila mwezi niliuliza vilevile, nikajibiwa vilevile, nikaandika vilevile.

Kule Dimani mambo hayakuwa salama. Programu ilikuwa ikianguka: skrini zote mbili zinakufa kwa pamoja, na kila kilichokuwa kikiandikwa dakika ile kinapotea, jina la mtoto na chanjo aliyochomwa. Karani wa huko, aliyeandika pamoja na muuguzi wake, aliitwa Elisha, kijana mpole kutoka Kigoma, aliyekuwa akiandika upya kila kilichopotea kutoka katika kadi za akina mama, kama mama hajaondoka nayo. Wengi walikuwa wameondoka. Nilikwenda kwake mara mbili. Nilikaa mbele ya kompyuta yake kutwa nzima, nikijaribu peke yangu kuingiza majina ya kubuni, Asha Ali, Juma Ali, na programu haikutikisika. “Fundi, nakuapia,” aliniambia mara ya pili, akinisindikiza barabarani, “sijachomoa waya, sijagusa kitu. Inaanguka yenyewe. Ukiondoka tu, itaanguka.” Niliandika: hali haikujirudia. Yalikuwa maneno ya kweli na ya woga. Mratibu wa mradi, aliyekuwa na ofisi yake Kibiti, aliweka ripoti zangu za vituo vyote viwili sambamba akafikia hitimisho ambalo mtu yeyote angelifikia. Mashine ni zilezile, programu ni ileile. Visiwani haianguki, Dimani inaanguka. Basi tofauti ni mtu. Barua ya kumwondoa Elisha kazini ikaanza kuandikwa, na msingi wake ulikuwa mwandiko wangu.

Nililigundua kosa siku ya kliniki ya watoto, nikiwa nimekaa stoo nikitafuta sababu ya barua hiyo kuniumiza kiasi kile. Ng’ambo ya ukuta nilisikia sauti ya Zuhura: “Hodi!” Na Bi Mwanahamisi: “Karibu.” Kisha kimya kifupi, na Zuhura tena: “Nimeshapita.” Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa miezi na kuyaacha yapite kama ninavyoacha mlio wa kuku upite. Siku ile nilisikiliza kwa sababu mlango wa stoo ulikuwa wazi, nikiuona ukumbi wote hadi mlangoni kwao, na hakuna aliyekuwa ameingia wala kutoka. “Hodi,” akasema Bi Mwanahamisi. Zuhura akamjibu: “Ngoja, ngoja, bado mie. Haya, karibu.” Nikasimama. Nikaenda kwenye mlango wao nikauliza, “Mnapigiana hodi ya wapi, nanyi mmekaa chumba kimoja?”

Zuhura aliangua kicheko. “Fundi naye! Miezi yote hiyo unatusikia, leo ndiyo unauliza?”

“Ya mashine,” Bi Mwanahamisi alisema bila kuinua macho. “Tukiweka jina wote kwa pamoja, inakasirika. Kwa hiyo anayetaka kuweka anabisha. Mwenzake anainua mikono, anampisha. Akishapita, anasema.”

“Inakasirika vipi?”

“Inazima. Tangu mwanzo. Mara mbili tatu hivi ilituzimia, nikamwambia huyu, hii kitu haitaki kuingiliwa na wawili. Tukaizoea.”

“Lakini mimi nilikuuliza, Bi Mwana! Kila mwezi nakuuliza kama kuna shida.”

Hapo aliinua macho, na katika uso wake niliona mshangao wa mtu aliyetuhumiwa kwa jambo asilolielewa. “Shida iko wapi? Uliuliza hali ya mashine. Haianguki. Siye tumeshaitengenezea adabu yake.” Zuhura akaongeza, “Na wageni wakija ndiyo tunabisha zaidi. Utamwonesha mgeni nyumba yako inavyovurugika?”

Sijui kama niliwahi kumwona mwanadamu kwa uwazi kama nilivyowaona wanawake wale wawili siku ile. Chuoni nilifundishwa kwa muhula mzima jambo waliloligundua wao baina ya sindano mbili. Seva, ili isimchoshe yeyote kwa kungoja, hugawa kazi yake kwa vibarua wawili wasioonekana, mmoja kwa kila meza, nao hufanya kazi kwa wakati mmoja. Vibarua hao wakigusa kitu kimoja bila utaratibu, matokeo hutegemea nani amewahi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hivyo kosa huja siku moja na siku nyingine lisionekane. Dawa yake iitwayo kufuli ni hii hii: anayeingia anabisha, mwenzake anasubiri. Bi Mwanahamisi, ambaye hakuwahi kusoma mstari mmoja wa programu, alikuwa ameitengeneza kufuli kwa midomo ya watu wawili.

Nilirudi stoo nikaanza kusoma. Programu yetu, kama programu zote, haikuandikwa yote na waliotuuzia. Iliazima maktaba, yaani fungu la kazi zilizoandikwa tayari na watu wengine, mbali sana, ambalo maelfu ya programu huliazima bila kulikagua. Maktaba hii ilisafisha majina: iliondoa nafasi zilizozidi na kusawazisha herufi kubwa na ndogo. Maandishi yake yalikuwa wazi kwa yeyote kuyasoma, nami niliyasoma kwa siku nne, mstari kwa mstari, nikila wali uliopoa. Siku ya nne nikaona. Maktaba ilikuwa na ubao mmoja tu wa kuandikia jina linaloshughulikiwa, na ubao huo uliwatumikia vibarua wote. Likija jina refu lisiloenea, maktaba iliutupa ubao na kuchukua mpana zaidi. Ikiwa wakati huo kibarua wa pili bado anausoma ubao uliotupwa, basi anasoma mahali pasipo na kitu, na seva nzima inaanguka naye. Majina ya majaribio ya waandishi wake, na yangu kule Dimani, yalikuwa mafupi, tena yaliingizwa na mtu mmoja. Majina waliyoyataja akina mama zetu yalikuwa na babu na babu wa babu ndani yake. Nilitengeneza marekebisho ya mistari kumi na moja, kila kibarua awe na ubao wake, nikayatuma kwa waandishi wa maktaba. Baadaye waliyakubali, na leo mistari ile imo katika mashine nyingi za nchi ambazo sitazifikia. Ni kazi ndogo, lakini sioni haya kusema kwamba hakuna kazi yangu nyingine ninayoionea fahari kuliko hiyo.

Hayo yalikuja baadaye. Wakati ule nilikuwa na ugunduzi, na Elisha alikuwa akingojwa na barua. Nilitembea hadi gatini, mahali pekee penye mtandao wa uhakika, nikampigia Mratibu. Alinisikiliza kwa heshima. “Binti, hiyo ni nadharia,” alisema. “Mimi nina kituo kinachofanya kazi na kituo kisichofanya kazi. Na anayesema hicho chenu hakina tatizo ni nani? Si wewe?” Kisha akaniambia habari njema, kama alivyoiita. Kesho yake angekuja mwenyewe kwa boti ya asubuhi, pamoja na Elisha, ili Elisha aone kwa macho jinsi wenzake wanavyofanya kazi, kabla ya kukabidhiwa barua yake. “Asije akasema hakuonyeshwa,” alisema.

Nililipeleka jambo hilo kwenye chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza Bi Mwanahamisi aliniruhusu kuzungumza kazi na tonge mkononi. Nilieleza yote: ubao, majina marefu, Elisha, barua. Nikamaliza kwa ombi langu. Kesho, mbele ya wageni, wasibishe hodi. Waache seva ianguke. Nilikuwa nimekwisha kunakili kumbukumbu zote, na kadi za akina mama zingekuwa bado mezani. Hapangepotea kitu kisichoweza kuandikwa tena.

Bi Mwanahamisi alirudisha tonge lake sahanini. “Kesho mkubwa wenu anakuja kunisifu mie,” alisema. “Hajawahi mtu kutoka Kibiti kuja chumba kile kunisifu. Wanakuja kuhesabu, wanaondoka. Kesho, mbele ya mgeni, kwenye chumba changu, unataka niangushe kitu kwa makusudi?”

“Hatuangushi, Bi Mwana,” Zuhura alisema. “Tunanyamaza tu. Kitaanguka chenyewe.”

“We nawe, kunyamaza umeanza lini?” Zuhura akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Bi Mwanahamisi aliosha mkono wake polepole, akaufuta kwa ncha ya kanga, akanigeukia. “Huyo kijana wa Kigoma ana watoto?”

“Ana mmoja. Mchanga.”

“Na barua yake imetoka kwenye maneno yako wewe.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo mie nivunje adabu ya nyumba yangu, wageni waone mashine imekufa mikononi mwangu. Na wewe je? Utakaa pembeni na elimu yako, useme nadharia imethibitika?” Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomuuliza mama ni siku ngapi mtoto hajanyonya. “Siye tutanyamaza. Lakini ikianguka, wewe ndiye utakayesema. Utasema kwamba uliandika hakuna shida, mbele yake yule kijana. Husemi habari za ubao kwanza. Hilo kwanza.”

Nilikuwa nimetayarisha maelezo mazuri, yenye mchoro. Ndani yake, ripoti zangu zilitajwa mwishoni, kwa lugha laini. Nilijua pia kwamba mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha. Nilimtazama, nikasema, “Nitasema.” Yeye akasogeza sahani ya kamba mbele yangu. “Haya, maliza. Visipoe.”

Asubuhi boti ilifika maji yakiwa yamejaa. Mratibu alishuka kwanza, viatu mkononi, akifuatiwa na Elisha katika shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu wa mtu anayekwenda usaili. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa kimefagiliwa hadi pembeni, na kanga juu ya seva ilikuwa imebadilishwa kwa nyingine safi. Akina mama walikuwa wamejaa barazani. Mratibu akasimama nyuma ya Zuhura, Elisha akabaki mlangoni, mimi nikaegemea kabati. Kazi ikaanza. Bi Mwanahamisi alisoma kadi, akaandika, akabonyeza. Zuhura akabonyeza. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa sijawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya. Robo saa ikapita na seva ikaendelea kupokea majina kama mtoto mtiifu. “Unaona, Elisha?” Mratibu alisema. “Utulivu. Mpangilio.” Elisha aliitikia kwa kichwa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Wakati mmoja nilimwona Bi Mwanahamisi akifungua midomo, kwa mazoea ya miezi yote ile, na nikamwona akiifunga tena kwa nguvu. Akavuta kadi nyingine. Mama mwenye kadi hiyo aliulizwa jina la binti yake, akalitaja pamoja na la baba, la babu, na ukoo. Bi Mwanahamisi akaliandika lote, bila kufupisha hata herufi moja, na kidole chake kilishuka wakati uleule wa kidole cha Zuhura. Skrini zote mbili zikawa nyeusi.

“Umeme?” Mratibu aliuliza. Feni ilikuwa bado inazunguka. Alimtazama Bi Mwanahamisi, na Bi Mwanahamisi, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwaibisha mgeni, alimtazama naye bila kuinamisha macho, mikono yake miwili ikiwa imetulia juu ya meza. Elisha alikuwa amepiga hatua moja ndani ya chumba. Nikatoka penye kabati nikasimama baina yake na Mratibu.

“Inaanguka hapa pia,” nikasema, “na imekuwa ikianguka tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeandika kwamba haianguki. Sikuangalia. Niliuliza kama watu wanavyosalimiana, nikajaza fomu, na huyu bwana ameshtakiwa kwa fomu hiyo.”

Mratibu alifungua mkoba wake, akatoa bahasha yenye jina la Elisha, akaishika kwa muda kana kwamba anapima uzito wake, kisha akanipa mimi badala ya Elisha. Nikaichana mara mbili, mbele yao wote, na Bi Mwanahamisi akamwita mama aliyefuata.